Naweza kuchangia kampeni ya Marekani nikiwa Moshi?

Swali: Habari za kazi, mimi nauza mitumba Memorial, shemeji yangu yuko Marekani ana grini kadi, kanitumia linki tumchangie mgombea wa urais dola 25. Naruhusiwa?

Jibu: Hapana dada, usibonyeze. Sheria yao inakataza mgeni kutoa hata senti, na shemeji naye haruhusiwi kuchukua hela yako akaichanga kwa jina lake. Yeye ruksa kwa hela yake mwenyewe, maana grini kadi ni kibali cha kuishi kule moja kwa moja; 2024 mwisho ulikuwa dola 3,300 kwa mgombea mmoja, mchujo peke yake na uchaguzi mkuu peke yake, na akipitisha dola 200 jina na kazi yake vinaanikwa hadharani. Kinachoniuma ni hizi Super PAC, vikundi vya kuchangisha hela za kampeni nje ya timu ya mgombea, tangu 2010 zinapokea mamilioni bila kikomo zinamwaga kwenye matangazo ya tivii, mradi tu zisipange na mgombea.