Jibu: make inagoma, inadai DEVKITARM (Game Boy Advance)
Salama mkuu. Umeshaweka devkitPro (zana za kutengenezea michezo ya Game Boy Advance) kwenye Ubuntu, lakini ukiandika make (amri ya kujenga mchezo kutoka kwenye kodi) inakujibu "Please set DEVKITARM in your environment". Kompaila (programu inayogeuza kodi kuwa mchezo) huenda ipo, ila terminali haijui ilipo, maana kigezo DEVKITARM kinachotaja folda yake hakijawekwa.

Anza na echo $DEVKITARM. Inatakiwa itoe /opt/devkitpro/devkitARM. Ikitoka tupu, andika source /etc/profile.d/devkit-env.sh kisha ujaribu tena. Faili hilo husomwa unapoingia kwenye akaunti, kwa hiyo kufungua dirisha jipya la terminali mara nyingi hakusaidii. Toka kwenye akaunti kabisa, uingie upya. Na usitumie sudo make, maana sudo (amri ya kuendesha kitu kama msimamizi) hufuta vigezo kama DEVKITARM na utarudi palepale.

make ikilalamika kwamba gba_rules (faili la kanuni za kujenga) haipo, umekosa vifurushi vyenyewe: sudo dkp-pacman -S gba-dev. Jina la folda pia lisiwe na nafasi: "Mchezo Wangu" huivuruga make, mchezo_wangu hupita.

Kabla ya kugusa kodi yako, nakili mfano mmoja kutoka /opt/devkitpro/examples/gba hadi folda yako ya nyumbani (kule ni mali ya root, yaani msimamizi wa mfumo, make haitaweza kuandika), uujenge, ufungue faili la .gba kwa mGBA (programu inayoiga Game Boy Advance kwenye kompyuta). Mfano ukikubali na wako ukigoma, bandika hapa Makefile yako (faili la maelekezo ambalo make husoma).