JIBU: Mke wangu ameombwa aingie kwenye utafiti wa presha ya mimba, nimkatalie?

Kaka, umeuliza kama damu ya mkeo itauzwa, kama atafanywa wa kujaribiwa dawa, na kama umkatalie. Mimi ni mkunga hapa Dodoma, na kwa muda nimekuwa muuguzi wa utafiti, yule anayekaa na mama kumsomea fomu ya ridhaa. Naanza na la mwisho kwa sababu ndilo linaloniuma.

Sahihi ni ya wifi. Nimekaa na akina mama wa Bahi na Chamwino wanaosikiliza vizuri, wanauliza maswali mazito, halafu wanampigia mume, na simu ikikatwa hawanitazami tena usoni. Kushauriana ni jambo jema, ndiyo ndoa. Lakini kifafa cha mimba kilimpata yeye mimba iliyopita, na presha inapanda mwilini mwake. Mwache akubali au akatae mwenyewe. Asiyejua kusoma husomewa mbele ya shahidi asiyehusika na utafiti, kisha anaweka dole gumba. Akibadili mawazo hata kesho anajitoa, na matibabu yake ya kawaida yanaendelea vilevile.

Kuhusu kujaribiwa: magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege la kifafa cha mimba tunayowachoma leba leo, ilibishaniwa sana na madaktari. Mwaka 2002 yakatoka matokeo ya utafiti wa Magpie, wanawake zaidi ya 10,000 wenye presha ya mimba kutoka nchi 33. Nusu walipata magnesiamu, nusu dawa ya kuigiza isiyo na kitu ndani. Waliopata degedege walikuwa kama 8 kwa kila 1,000 upande wa magnesiamu, na 19 upande wa pili. Ubishi uliishia hapo. Leo kamati ya maadili, ile inayopitisha tafiti, haiwezi kuruhusu mama mwenye presha kali anyimwe magnesiamu ili watu wajifunze. Kwa hiyo swali la kuwabana nalo ni hili: asiyepangiwa dawa mpya anapata nini? Anatakiwa apate tiba ileile inayotolewa sasa kwa kila mgonjwa. Wakianza kuzungukazunguka, ondokeni.

Tanzania nasi tumechangia. Utafiti wa E-MOTIVE, wa kutokwa damu baada ya kujifungua, uliotoka 2023, ulihusisha hospitali 80 za hapa, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Mama akishajifungua aliwekewa plastiki yenye mistari ya vipimo, damu ikapimwa badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yote yakaanza kwa pamoja. Kutokwa damu kupita kiasi, upasuaji wa kuizuia na vifo vyake, kwa ujumla vilipungua kwa asilimia 60. Mkunga yeyote aliyewahi kubishana na mwenzake kama shuka lile limebeba nusu lita au lita nzima anajua uzito wa jambo hilo.

Damu: fomu lazima iseme wanachukua kiasi gani, ya nini, na inahifadhiwa wapi. Ombeni kuona kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na kama ni jaribio la dawa, cha TMDA pia, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kuuliza si utovu wa adabu.

Akiingia au asiingie, mimba ikiwa bado changa amuulize daktari kuhusu aspirini ya dozi ndogo, maana aliyewahi kupata kifafa cha mimba yuko kwenye kundi la kupewa. Na kichwa kikimgonga sana, akiona maluweluwe, au chembe ya moyo ikimuuma, msisubiri tarehe ya kliniki wala ya utafiti. Mpeleke hospitali usiku huohuo.