Ngozi na Afya: Msusi mwenye soriasisi

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni msusi mwenye umri wa miaka 34. Kwa muda mrefu nina mabaka yenye magamba meupe viwikoni, magotini na kichwani, ambayo hospitalini niliambiwa ni soriasisi. Nimepaka krimu nyingi za dukani. Mabaka hupungua, kisha hurudi kwa nguvu zaidi. Sasa yametokea mikononi, na baadhi ya wateja wakiyaona huaga na wasirudi, wakidhani ni fangasi au ukoma. Je, ugonjwa huu unapona? Na wateja niwaambie nini?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nianze na wateja, maana ndiko riziki yako iliko. Soriasisi haiambukizwi kwa kugusana, kwa kitana wala kwa taulo. Kinga ya mwili wako mwenyewe huihimiza ngozi ijitengeneze upya kwa siku chache tu, kazi ambayo kwa kawaida huchukua takriban mwezi mzima, na hivyo magamba hurundikana kabla ya kupukutika. Anayeuliza mjibu kwa sentensi moja, kwamba ni soriasisi na haiambukizi, kisha endelea kusuka. Asiyeuliza huna deni la maelezo kwake. Wasiwasi ukizidi, mwombe daktari wako akuandikie barua fupi yenye maneno hayohayo, uiweke saluni.

Kuhusu kupona, hadi leo hakuna dawa inayoung'oa ugonjwa huu moja kwa moja, ingawa matibabu yanayofuatwa vizuri yanaweza kuifanya ngozi itulie kwa miezi, hata miaka. Nadhani kinachokutesa zaidi ni kuhama kutoka krimu hadi krimu. Krimu nyingi zinazouzwa bila cheti cha daktari huchanganya steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na mwasho, na dawa za fangasi na za bakteria. Steroidi hutuliza haraka, lakini ikitumiwa kiholela huifanya ngozi kuwa nyembamba, na ikiachwa ghafla mabaka huweza kurudi kwa kishindo, kama ulivyoona. Hatari zaidi ni vidonge au sindano za steroidi, kwani kuziacha kunaweza kuleta soriasisi ya mwili mzima au yenye usaha, hali inayohitaji kulazwa.

Rudi hospitalini ukaombe mpango wa muda mrefu. Mara nyingi huanza na marhamu ya asidi ya salisiliki ya kulainisha magamba, steroidi ya kupaka kwa muda uliopangwa, na mafuta ya mgando kila baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevu. Mabaka yakienea, daktari anaweza kukuandikia methotreksati, dawa ya kutuliza kinga ya mwili. Hiyo humezwa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, kwa vipimo vya damu, na haifai kabisa kwa mwanamke mjamzito au anayepanga kupata mimba. Mwambie daktari mapema. Mtajie pia dawa zako zote, kwa kuwa baadhi ya zile za presha, pamoja na klorokwini ya malaria, huweza kuchochea mabaka. Akishauri kipimo cha VVU usikasirike, maana virusi hivyo huweza kuukoleza ugonjwa huu.

Mikono yako inahitaji uangalifu wa pekee. Palipochunwa, palipochanjwa au palipoungua huweza kuota baka jipya, kwa hiyo vaa glavu unapopaka dawa za kulainisha nywele na usiyabandue magamba kwa kucha. Vidole vikivimba, au viungo vikikakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, usingojee: soriasisi hushambulia viungo vya baadhi ya wagonjwa, na msusi huishi kwa vidole.

Tangu 1992 kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa ngozi wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Kwa hiyo uliza katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako kama yupo mmoja wao. Uendapo, nenda na mume au ndugu, asikie mwenyewe kwamba haiambukizi. Mwombe muuguzi wa kliniki akukutanishe na wagonjwa wenzako walio tayari. Ukikosa usingizi au hamu ya kazi kwa wiki kadhaa, liseme hilo pia, kwani sonona huandamana na ugonjwa huu mara nyingi na inatibika.

SWALI: Mimi pia nina soriasisi. Jirani ananishauri niote jua la mchana kila siku. Je, ni sahihi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Jirani amekosea saa tu. Miale ya jua hutuliza soriasisi kwa wengi, na baadhi ya hospitali hutumia taa maalumu zenye miale hiyo kwa kipimo. Ota jua la asubuhi kwa dakika chache, uongeze taratibu, na uache mara ngozi inapoanza kuchoma. Kama una ualbino, ushauri huu haukuhusu.