Kura ya maoni haikutosha kuitoa Uingereza

Umeuliza kwa nini serikali ya Uingereza ilirudi bungeni ilhali wananchi walikwisha kuamua, tarehe 23 Juni 2016, kutoka katika Umoja wa Ulaya. Sababu ni kwamba sheria iliyoitisha kura ile ya maoni haikusema lolote kuhusu hatua ya kuchukuliwa baada ya matokeo, na Uingereza haina katiba iliyoandikwa katika waraka mmoja ambao mtu angeufungua akapata jibu.

Serikali ilidai kwamba kuingia na kutoka katika mikataba ya kimataifa ni madaraka yake ya tangu enzi za wafalme. Mahakama ya Juu ilikataa hoja hiyo tarehe 24 Januari 2017, majaji 8 dhidi ya 3, kwa kuwa sheria ya mwaka 1972, iliyoingiza Uingereza katika jumuiya hiyo ya Ulaya, iliwapa raia haki ambazo waziri hawezi kuzifuta kwa barua tu ya kutangaza kujitoa. Basi Bunge likatunga sheria fupi mno, yenye vifungu viwili tu (fupi kuliko mikataba mingi ya kupangisha nyumba), na barua hiyo ikakabidhiwa kwa Donald Tusk, aliyekuwa rais wa Baraza la Ulaya (la viongozi wa nchi wanachama), mjini Brussels tarehe 29 Machi.

Kwa maoni yangu, kiini cha utata kilikuwa Scotland, sehemu ya Uingereza yenye bunge lake mjini Edinburgh, ambako asilimia 62 ya waliopiga kura walitaka kubaki. Majaji wote walikubaliana kwamba desturi ya Bunge la Uingereza kuomba ridhaa ya bunge hilo la Edinburgh kabla ya kutunga sheria zinazogusa madaraka yake ni jambo la kisiasa, ambalo mahakama haiwezi kulisimamia.