Nilipokaa upande wa pili wa meza

Wiki iliyopita mhadhiri mpya wa kemia alisaini mkataba idarani kwetu, katika chuo kidogo huku Marekani. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya ajira, na sifichi, najivunia. Siku hiyohiyo dada mmoja wa Mbeya, anayemalizia uzamivu wake huku Marekani, akaniandikia: "Kaka, vyuo hivi vidogo kweli vinatuchukua sisi watu weusi?"

Dada yangu, nilifika kwenye usaili wangu wa kwanza miaka 14 iliyopita. Asubuhi nilifundisha dakika 50, wanafunzi wakauliza maswali mpaka kipindi kikapitiliza. Wakati wa chakula cha mchana profesa mmoja akaweka kijiko chini: "Unadhani wanafunzi wetu watakuelewa ukiongea?" Supu yangu ilipoa pale mezani. Barua ilipokuja ilisema sikuonekana "kufaa mazingira ya hapa". Neno hilo linaniuma hadi leo.

Na si langu peke yangu. Percy Julian, mwanakemia Mmarekani mweusi, alihitimu chuo cha DePauw, Indiana, mwaka 1920 akiwa wa kwanza darasani. Mwaka 1935, akiwa palepale na mwenzake Josef Pikl, alifanikiwa kuunda maabarani fisostigmini, dawa ya ugonjwa wa macho uitwao glakoma, ambayo kiasili hutokana na haragwe la Calabar la Afrika Magharibi. Hata hivyo alinyimwa uprofesa kwa kuwa ni mweusi. Akaenda kufanya kazi kiwandani Chicago, na wanafunzi wakamkosa.

Ndiyo maana safari hii, kabla ya kufungua faili hata moja, tuliandika vigezo. Neno "kufaa" nililikataa. Waombaji wote waliulizwa maswali yaleyale. Hatukumpendelea mtu kwa rangi yake, sheria ya haki za kiraia ya Marekani ya mwaka 1964 inakataza, na wala hatukuhitaji. Mlango ukifunguliwa kwa haki, watu wapo.

Wewe unayeomba, onyesha utakavyofanya utafiti na wanafunzi wa shahada ya kwanza. Huku hatuna wanafunzi wa uzamivu wa kukushikia maabara. Usiandike mradi unaohitaji mashine ambazo chuo hakitanunua. Na fedha za kuanzishia maabara zizungumzie kabla ya kusaini, si baada.

Nanyi mlio ndani tayari, kuajiri ni nusu ya kazi. Mimi nilipoajiriwa niliwekwa kwenye kamati 4, kwa sababu kila kamati ilitaka sura kama yangu. Kila mwanafunzi mweusi mwenye shida alielekezwa ofisini kwangu. Niliwapokea wote, na ningewapokea tena. Lakini mwaka wa sita, wakati wa kuamua ajira ya kudumu, hakuna aliyeuliza habari zao. Waliuliza makala zangu ziko wapi. Acheni kumbebesha mtu mmoja mzigo wa chuo kizima halafu mkamhukumu kwa kuchelewa!

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wa kitivo kuomba mwenzetu huyu mpya asiingizwe kwenye kamati yoyote kwa miaka 2. Amekubali, na nimeomba aliandike.