Jibu: Picha tofauti kwa kila skrini

Mkuu, umeuliza kwa nini ukiweka mandhari mpya (picha ya nyuma ya skrini) picha ileile inajirudia skrini zote mbili. Si hitilafu, Windows ndivyo inavyofanya ukichagua picha moja. Ingia kwenye mipangilio ya picha ya nyuma, kisha picha unayoitaka ibofye kwa kitufe cha kulia cha mausi, si cha kushoto. Itatokea menyu ndogo: weka skrini ya 1, au ya 2. Imejificha kweli, mimi ilinichukua wiki nzima kuigundua.

Ukitaka picha moja ivuke skrini zote, chagua mkao wa kutandaza (Span), si ule wa kujaza (Fill). Skrini mbili za pikseli (nukta za picha) 1920 kwa 1080 zikikaa ubavu kwa ubavu zinahitaji picha ya 3840 kwa 1080. Shida ni pale moja inapokuwa 2560 kwa 1440: ukiweka picha ya bahari, mstari wa maji unakatika katikati, maji ya kushoto yako juu kuliko ya kulia. Inaudhi! Hapo mimi huachana na kutandaza, naweka picha mbili zenye rangi zinazoendana, na ile tulivu zaidi inakaa upande wenye ikoni ili majina ya mafaili yasomeke.