Affect na effect, borrow na lend: tumia Kiswahili chako kuyatenganisha

Mkuu, umeuliza kwa nini umekariri orodha za maneno ya Kiingereza yanayochanganya na bado kwenye barua za kazi unaandika "effect" mahali pa "affect", "loose" mahali pa "lose", na "borrow me" mahali pa "lend me". Jibu ni refu kidogo, vumilia.

Orodha nyingi zilizojaa mtandaoni zimetungwa kwa ajili ya mtu aliyezaliwa ndani ya Kiingereza. Huyo alijua kuongea kabla ya kujua kuandika, kwa hiyo hukosea pale maneno mawili yanapotamkwa sawa: "their" na "there", "its" na "it's". Sisi wengi tumekutana na Kiingereza ubaoni. Makosa yetu mazito yana vyanzo vingine viwili. Kwanza, Kiswahili kina neno moja pale Kiingereza kinapotumia mawili. Pili, sikio lililozoea irabu tano husikia sauti moja pale zilipo mbili au tatu. Ukishajua kosa lako limetoka wapi, nusu ya kazi imekwisha. Na kuna sehemu ambazo Kiswahili kinakupa msaada mkubwa, ila hakuna aliyekuambia ukitumie.

Anza na kauli ya kutendesha, ile -sha na -za tuliyofundishwa kwenye sarufi. Mtu anakumbuka, mwingine anamkumbusha: hiyo ndiyo "remember" na "remind". "Please remember me to call him" ni kosa. Unataka kukumbushwa, kwa hiyo ni "remind me". Bei imepanda, mwenye duka amepandisha bei: "the price has risen", "the shopkeeper has raised the price". Neno "rise" halibebi kitu mbele yake, "raise" lazima libebe. Ukiona kwa Kiswahili ungetia -sha, basi ni "raise". Kukopa na kukopesha ni "borrow" na "lend". Tatizo la jozi hii linaletwa na kitenzi azima, maana kinakwenda pande zote mbili: "niazime kalamu" na "nimeazima kalamu kwake" zote ni sahihi. Kila unapotaka kuandika "borrow" au "lend", usifikirie azima kabisa, fikiria kopa na kopesha, hata kama kinachoazimwa ni ngazi. Anayepokea "borrows from", anayetoa "lends to".

Jozi iliyo ngumu kuliko zote za kundi hili ni "lie" na "lay", na hata wenye lugha yao wanaivuruga. Kulala au kujilaza ni "lie", kulaza kitu au mtu ni "lay". Mpaka hapo -za inatosha. Balaa linaanza kwenye wakati uliopita, kwa sababu "lie" ikipita inakuwa "lay", umbo lile lile la kitenzi cha pili. Kwa hiyo kariri mistari mitatu kwa sauti: "lie, lay, lain" ya kulala; "lay, laid, laid" ya kulaza; na ile ya kusema uongo, "lie, lied, lied". Muuguzi anayeandika ripoti ya zamu ataandika "the patient lay on his left side all night", yaani alilala, na "we laid him on his back", yaani tulimlaza. Mgonjwa unamwambia "lie down", si "lay down".

Kanuni hiyo hiyo inamaliza ugomvi wa -ing na -ed. Barua nyingi za maombi ya kazi zina sentensi "I am very interesting in this position". Kwa Kiswahili umesema unavutia. Kinachosababisha hisia huchukua -ing, anayepatwa na hisia huchukua -ed. Somo linachosha, "the lesson is boring". Mimi nimechoshwa nalo, "I am bored". Maelezo yanachanganya, "confusing". Msomaji amechanganyikiwa, "confused". Ukisema "I am boring" umejitangaza kuwa mtu wa kuchosha wenzako.

Sehemu ya pili ambayo Kiswahili kinakubeba ni masikio. Tunatofautisha s na z bila kufikiri, maana saa si zaa. Kiingereza kina utaratibu ambao walimu wengi hawautaji: kwenye jozi nyingi zinazofanana, neno likiwa jina au kivumishi huishia na sauti ya s, likiwa kitendo huishia na sauti ya z. "Use" ya jina ina s, "to use" ina z. "Close" ya karibu ina s, "to close" ya kufunga ina z. Sasa panga hapo maneno yanayokusumbua. "Advice", ushauri, ina s. "Advise", kushauri, ina z. "Device", kifaa, ina s. "Devise", kubuni, ina z. "Loose", iliyolegea, ina s. "Lose", kupoteza, ina z. Watu huongeza o kwenye "lose" kwa kuiga "choose", ambayo ina o mbili na bado ina z. Hiyo ichukulie kama ilivyo. "Price" na "prize" zote ni majina, hivyo utaratibu huo hauzigusi, lakini sikio bado linazitenga: bei ina s, tuzo ina z.

Ukishaijua "advice" na "advise" kwa sikio, itumie kubeba jozi mbili ambazo sikio haliwezi: "practice" na "practise", "licence" na "license". Hizi zinatamkwa sawa, ila kwa tahajia ya Uingereza, ambayo ndiyo inayofundishwa Tanzania na Kenya, yenye c ni jina na yenye s ni kitendo, kama kwa ushauri. Leseni ya udereva ni "driving licence". Marekani wanaandika "practice" na "license" kwa yote mawili, na ndiyo maana kompyuta iliyowekwa Kiingereza cha Marekani itakupigia mstari mwekundu ukiwa sahihi. Badilisha lugha ya hati iwe Kiingereza cha Uingereza kabla hujaanza kubishana nayo.

Vivyo hivyo kwa th na dh. "Breath", pumzi, inaisha na th ya thelathini. "Breathe", kupumua, inaisha na dh ya dhahabu na i ya kuvuta. Kama kwenu hutamkwa "zahabu" na "selasini", njia hii haitakufaa. Shika tu kwamba yenye e mwishoni ni kitendo.

Tuje kwenye irabu, ambako sikio letu linatuponza. Kiingereza kina i fupi na i ndefu, sisi tuna moja, kwa hiyo "fill" na "feel", "live" na "leave", "this" na "these", "sit" na "seat" zinaingia kichwani kama neno moja, kisha mkono unaandika lolote. Ndiyo maana unakutana na "fill free to call me" na "kindly feel the form". Usitegemee sikio hapa, tegemea herufi: ee na ea mara nyingi ni sauti ya kuvuta, i pekee iliyobanwa na konsonanti ni ya kukata. Halafu uliza maana. Kujaza ni "fill", yenye l mbili. Kuhisi ni "feel". Kuishi ni "live", kuondoka ni "leave", na anayeandika "I leave in Mwanza" hajaeleweka anakaa wapi. "Than" na "then" ni ugonjwa huo huo wa a na e: "than" ni ya kulinganisha, ile kuliko, na hufuata "more", "less", "rather", "other" au kivumishi chenye -er, "then" ni kisha au wakati ule, na ina -hen kama "when", ambayo nayo ni ya wakati.

Sasa pale ambapo Kiswahili kina neno moja tu. Jozi ya kuogopwa zaidi, kwa maoni yangu, ni "by" na "until", kwa sababu inaingia kwenye mikataba na tarehe za mwisho, na programu nyingi za kukagua tahajia haziishiki. Zote kwetu ni mpaka au hadi. "Until" ni ya jambo linaloendelea bila kukatika mpaka wakati fulani: "the office is open until Friday". "By" ni ya jambo la mara moja ambalo lazima liwe limekwisha ifikapo wakati huo: "submit the form by Friday". Ukiipeleka Jumatano umetii. Kipimo: jaribu kuweka neno "kuendelea" kwenye sentensi ya Kiswahili. Ofisi itaendelea kuwa wazi mpaka Ijumaa, inakubali, basi "until". Endelea kuwasilisha fomu mpaka Ijumaa, haina maana, basi "by". Sentensi ikiwa na "not", mambo yanageuka: "the bank will not release the money until Friday" maana yake haitatoa kabla ya Ijumaa.

Jirani yake ni "within" na "in". Ndani ya siku 14 ni "within 14 days", siku yoyote kati ya leo na ya 14. "In 14 days" kwa kawaida ni baada ya siku 14. Wengi wanatafsiri "ndani ya" kuwa "in" kwa sababu nyumbani ni "in the house", kisha wanashangaa mteja hajalipa wiki ya kwanza.

"Since" na "for" ni rahisi: "since" hufuatwa na mwanzo, "since 2019", "since Monday", "for" hufuatwa na urefu, "for six years". Zote zinataka "have" kama jambo bado linaendelea: "I have worked here since 2019", si "I work here since".

Wameniibia simu. Hapo mtu huandika "they stole me a phone", na Kiingereza kinaelewa kwamba wamekuibia wewe simu ya kukupa zawadi. "Steal" hubeba kitu kilichoibwa: "they stole my phone". "Rob" hubeba mtu au mahali: "they robbed me", "they robbed the shop". "Say" na "tell" zisikuchoshe, unazo tayari: sema na ambia. Ambia haiwezi kusimama bila mtu anayeambiwa, na "tell" ni hivyo hivyo, ukiacha misemo michache kama "tell the truth" na "tell a story".

Affect na effect uliyoanza nayo: kuathiri na athari. Kama "an", "the", "any" au "no" linaweza kukaa mbele yake, ni "effect". Drought affects prices. It has an effect on prices. Angalia mtego mmoja wa ofisini: "effect" inaweza kuwa kitendo, kwa maana ya kutekeleza. "Effect payment" ni kufanya malipo, "affect payment" ni kuyavuruga. Na "with effect from 1 July" kwenye nyaraka za serikali, tarehe ambayo mwaka wa fedha wa Tanzania na Kenya huanza, ni kuanzia tu. Daima ni e.

Yaliyobaki ni ya tahajia, nayapitia haraka. "Principle" ni kanuni au msimamo, na daima ni jina. "Principal" ni mkuu wa chuo, ni kivumishi cha "kuu", na kwenye mkataba wa mkopo ni fedha halisi uliyokopa kabla ya riba. Vifaa vya kuandikia, kama karatasi na kalamu, ni "stationery", yenye er kama "paper". Mabango mengi mitaani yameandikwa "stationary", yaani duka lisilosogea. "Complement" hukamilisha, ina e kama "complete". "Compliment" ni sifa, na maji ya "complimentary" chumbani hotelini ni ya bure. "It's" isome "it is" au "it has". Isipokubali, futa alama.

Kwa ndugu zetu wa Goma, Lubumbashi na Bujumbura waliopitia Kifaransa, mtego wenu ni mwingine: maneno yanayofanana na ya Kifaransa kwa sura lakini si kwa maana. "Library" ni maktaba, si duka la vitabu. "Actually" ni "kwa kweli", si "sasa hivi". "Eventually" ni "hatimaye", si "huenda". "Sensible" ni mwenye busara. Na "demand" kwa Kiingereza ni kudai kwa nguvu. Ukiandika "I demand a meeting" mkubwa wako atakunja uso, andika "I would like to request".

Mstari mwekundu wa kompyuta hautakuokoa kwenye haya mengi, maana maneno yote mawili yamo kwenye kamusi. Fanya hivi: andika jozi zako mwenyewe, zile unazokosea kweli, zisizidi kumi. Ukimaliza barua, bonyeza Ctrl na F, tafuta neno moja moja, mfano "effect", kisha "affect", kisha "loose", na kila linapotokea lipime kwa kipimo chake. Kwa "by", "then" na "its" washa chaguo la kutafuta neno zima, la sivyo utaletewa kila neno lenye herufi hizo ndani yake. Jozi ukiona huikosei tena, iondoe na uweke nyingine.